Mizani Iko Kizingitini, Leja Iko Amu: Kisa cha Hifadhidata ya Ushirika wa Wavuvi

Mizani iko Kizingitini, kisiwani Pate; leja, yaani daftari la hesabu, iko Amu, mji wa Lamu. Baina yao kuna mwendo wa boti unaopita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda maji yakiwa makavu haupitiki kwa raha. Ushirika wa wavuvi ninaoueleza hapa, ambao wenyewe hawakutaka jina lao litajwe, uliishi na umbali huo kwa miaka. Karani wa kituo alipima, akaandika stakabadhi kwa mkono, nakala zikafungwa kwa mpira na kupelekwa na boti la abiria. Afisini Amu ziliingizwa kwenye kompyuta ya mezani yenye hifadhidata ya Microsoft Access, iliyoundwa zamani na kijana wa mji ambaye siku hizi yuko ng'ambo. Mvuvi alijua kwamba kitabu kiko nyuma siku mbili tatu, akavumilia.

Kilichomaliza uvumilivu huo ni kasi ya pesa. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 watu wamezoea kulipwa papo kwa papo. Mvuvi akishuka ufuoni na kamba mawe na pweza wake, anamkuta tajiri wa nje amesimama na simu mkononi. Ushirika hauwezi kumlipa kabla haujajua ana karadha ya kiasi gani, na jibu hilo liko Amu. Basi anamuuzia mwingine, na karadha inabaki hewani. Ndipo kamati ikaamua hifadhidata iwekwe mtandaoni: vituo vya Kizingitini na Faza viandike vyenyewe, na mhasibu anayekaa Mombasa afunge hesabu za mwezi bila kusafiri.

Nilipoitwa, jaribio moja lilikuwa limeshafanyika. Faili zima lilikuwa limetiwa kwenye folda ya kusawazisha, ile ambayo ukihifadhi kitu hapa kinatokea pia kwenye kompyuta ya pili. Kwa barua na picha, mpango huo ni mzuri. Kwa hifadhidata ya aina hii ni hatari kubwa, na nitaeleza sababu kwa kirefu kwa kuwa afisi nyingi ndogo hapa pwani bado zinafanya vivyo hivyo.

Access ilitoka mwaka 1992, na ilitengenezwa kwa watu walioko chumba kimoja au jengo moja. Ndani yake hamna seva, yaani kompyuta moja inayoitunza data na kuwajibu wengine. Majedwali yote hukaa katika faili moja, .accdb tangu toleo la 2007 na .mdb kabla ya hapo, na injini inayolisoma faili hilo iko kwenye kompyuta ya kila mtumiaji. Injini huchota na kuandika vipande vidogo vya kilobaiti 4, na kando yake huweka faili dogo la kufuli, .laccdb, ili wengine wajue nani ameshika wapi. Ilimradi wote wanafungua faili lile lile kupitia waya wa afisi usiokatika, mambo huenda. Folda ya kusawazisha inampa kila mtu faili lake. Kufuli lililofungwa Amu halimzuii aliyeko Faza, kwa sababu aliyeko Faza ameshika nakala nyingine kabisa. Wakiandika wote wawili kabla mtandao haujasawazisha, huduma haina njia ya kuzichanganya rekodi. Inabakisha nakala moja kuwa ndiyo faili, na ya pili inaiweka pembeni ikiwa na jina la kompyuta ilikotoka.

Folda ilikuwa imejaa nakala za pembeni za namna hiyo, kila moja ina stakabadhi ambazo mwenzake hana. Hakuna aliyezifungua, kwa kuwa programu haikulalamika hata mara moja. Aliyelalamika ni mzee mmoja wa Kizingitini aliyefika afisini na karatasi imekunjwa ndani ya kofia.

"Mwanangu, kamba nilileta Jumanne na stakabadhi ndiyo hii. Mbona kitabu chenu kinanikana?"

"Keti, ami, nitizame tena," karani akamwambia, akatizama tena, na kwenye kompyuta hapakuwa na kitu.

Karatasi ya mzee ilikuwa sahihi. Rekodi yake tuliipata katika nakala ya pembeni, ilikuwa imelala humo wakati watu wanabishana.

Ila folda ilifichua tu ubovu wa zamani uliokuwa ndani ya majedwali yenyewe, na hapa ndipo penye uzito wa kisa hiki. Jedwali la wavuvi lilikuwa na safu iitwayo Salio. Kila muamala ulipoingia, programu ilisoma salio, ikaongeza au kutoa, ikaandika jipya juu ya la zamani. Karani mmoja kwenye kompyuta moja haoni ubaya wowote. Sasa chukua mvuvi mwenye salio la shilingi 4,000. Amu wanamkata 1,500 za nyavu. Wakati huo huo Kizingitini wanamwongezea 2,000 za samaki. Wote wawili wamesoma 4,000. Amu inaandika 2,500, Kizingitini inaandika 6,000, na atakayeandika mwisho ndiye atakayeaminiwa. Haki ya mtu ni 4,500, na tarakimu hiyo haipo popote. Ukihamisha safu hiyo kwenye seva bora duniani bila kuibadilisha, utakuwa umewapa watu wengi zaidi nafasi ya kuiharibu.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza haukuhusu mtandao. Safu ya Salio tuliifuta. Kilichobaki ni leja: kila tukio ni mstari wake, wenye tarehe, kituo, kiasi na aliyeandika, na mstari ukishaandikwa haufutwi wala haubadilishwi. Karani akikosea uzito anaandika mstari wa marekebisho unaotaja ule wa kwanza. Salio huhesabiwa kwa kujumlisha mistari kila linapoulizwa. Wazee wa kamati walilielewa jambo hili upesi kuliko vijana, maana daftari la duka la zamani lilikuwa hivyo hivyo: hukwangui, unaandika chini yake. Faida yake kwa vituo vya mbali ni kubwa mno. Watu wawili wakiongeza mistari kwa wakati mmoja hawagombani, kwani hakuna anayegusa mstari wa mwenzake.

Kuijenga upya leja kuliwezekana kwa sababu yule kijana aliacha jedwali la miamala kando ya salio. Tulifungua kila nakala ya pembeni, tukatoa miamala yake, tukaikusanya na kuilinganisha kwa namba za stakabadhi. Hapo tukagonga mwamba: vitabu vya stakabadhi vya vituo vyote viwili vilichapishwa kuanzia namba moja. Namba 0412 ya Kizingitini na 0412 ya Faza ni watu wawili na samaki wawili tofauti. Tukatanguliza herufi za kituo, KZ na FZ, na tangu hapo vitabu vipya vinachapishwa nazo. Panapokosekana rekodi katika nakala zote na mvuvi ana karatasi yenye saini, kamati iliamua karatasi ndiyo itakayofuatwa. Naona walitenda haki, kwa sababu mvuvi si yeye aliyeiweka hifadhidata kwenye folda.

Baada ya hapo ndipo tukazungumza majedwali yakae wapi. Njia ya Microsoft yenyewe ya kuweka Access kwenye wavuti haipo tena. Huduma ya programu za wavuti za Access ndani ya SharePoint, jukwaa la Microsoft la kushirikiana faili, ilizimwa Aprili 2018, ingawa bado utakutana na maelekezo ya zamani yanayoisifu. Njia ya pili ni kuiacha kompyuta Amu na watu waingie humo kutoka mbali, wakiona skrini yake tu. Hiyo ni nzuri panapokuwa na laini imara na watumiaji wachache, kwa sababu data haisafiri. Lakini kompyuta inabaki Amu, penye umeme unaokatika na hewa ya chumvi inayokula bodi za mashine, na mtandao wa Kizingitini ukiondoka kazi inasimama katikati. Njia ya tatu, tuliyoifuata kwa afisi na mhasibu, ni kuhamisha majedwali peke yake kwenye seva ya kukodi na kuziacha fomu na ripoti za Access pale pale kwenye kompyuta za watu, zikiunganishwa kwa ODBC, njia ya kawaida ya programu kuzungumza na hifadhidata iliyoko kwingine. Karani anaona skrini aliyoizoea. Tofauti ni kwamba sasa injini inayotafuta na kuandika imekaa pamoja na data, na kinachosafiri ni swali na jibu.

Tulichagua SQL Server Express, hifadhidata ya seva ya Microsoft, ambayo ni bure na kikomo chake, katika matoleo hadi la 2022, ni gigabaiti 10 kwa hifadhidata, ilhali faili la Access hugota kwenye gigabaiti 2. Microsoft ina programu ya bure ya kuhamishia, SSMA, na inafanya kazi vizuri, ila haikufanyii usafi wa nyumba. Rekodi chache zilikataa kuhama kwa sababu ya tarehe: mtu aliandika mwaka 0213 akikusudia 2013, Access ikakubali kwa kuwa kwake tarehe zinaanzia mwaka 100, wakati aina ya kawaida ya tarehe ndani ya SQL Server inaanzia 1753. Jedwali la bei za samaki halikuwa na ufunguo wa msingi, yaani safu inayoitambulisha kila rekodi, na jedwali lisilo na ufunguo likiunganishwa kwa ODBC linasomeka tu, haliandikiki. Na jina la mvuvi lilikuwa limetumika kama ufunguo mahali pamoja. Faza na Kizingitini kuna watu wanaofanana jina lao, la baba na la babu. Tukawapa namba za uanachama.

Lililowasumbua watu zaidi ni ujumbe uliojitokeza siku za majaribio. Karani yuko peke yake, anabadilisha namba ya simu ya mvuvi, na Access inamwambia kuna mtumiaji mwingine ameshabadilisha rekodi hiyo. Hakuna mtumiaji mwingine. Chanzo ni visanduku vya tiki, mathalani "amelipa kiingilio". Ndani ya Access kisanduku ni ndiyo au hapana basi. Ndani ya SQL Server safu hiyo inaweza pia kuwa tupu, isiwe ndiyo wala hapana. Access ikiisoma tupu inaichukua kuwa hapana. Ikija kuhifadhi, inalinganisha ilichosoma na kilichoko kwenye seva, inaona havifanani, na inahitimisha kwamba mtu ameingilia. Dawa ni kujaza sifuri penye utupu, kukataza utupu katika safu hiyo, na kuongeza kwenye kila jedwali safu ya rowversion, ambayo seva huibadilisha yenyewe kila rekodi inapoguswa. Access ikiiona safu hiyo hulinganisha hiyo tu. Ujumbe ukakoma.

Kisha ikaja shida ya mwendo wa polepole. Orodha ya wavuvi iliyokuwa ikifunguka kwa kupepesa jicho ilianza kuchukua muda wa mtu kunywa kahawa, na katibu akapendekeza kununua bando kubwa. Nilimwomba asitoe pesa kwanza. Ile orodha ilikuwa ikimuulizia kila mvuvi mambo matatu, moja moja: karadha, mauzo ya mwisho, kituo. Wavuvi 200 ni maswali 600. Ndani ya afisi kila swali hurudi chini ya milisekunde moja, jumla haifiki hata sekunde. Lakini ikiwa seva iko Nairobi na safari ya kwenda na kurudi inachukua, tuseme, milisekunde 50, maswali 600 ni sekunde 30, hata upana wa laini uwe mkubwa kiasi gani. Tuliihamishia hesabu hiyo kwenye seva ikawa ulizo moja, jibu moja. Fomu kuu nayo ilikuwa ikifungua jedwali zima kabla karani hajasema anamtaka nani. Sasa inafunguka tupu na kuuliza namba ya mwanachama. Bando likabaki lile lile.

Kuhusu seva kuwa Nairobi: kukodi nje ya nchi kungekuwa rahisi pia, lakini umbali unaongeza safari ya kila swali, na tulikumbuka Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa kusini mwa Afrika na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Leja ya samaki wa Lamu haina sababu ya kutegemea waya wa huko.

Hiyo ni afisi. Kituo cha ufuoni ni habari nyingine, na kukipa kompyuta yenye Access iliyounganishwa na seva kungekuwa kuwatakia makarani mabaya. Mtandao wa simu Kizingitini unakuja na kuondoka, samaki hawasubiri, na mikono imelowa maji ya chumvi. Tulitumia ODK, programu huria ya kukusanya data kwa simu ambayo wahudumu wengi wa afya Kenya wameshaishika. Karani anajaza fomu fupi, namba ya stakabadhi, namba ya mwanachama, aina na uzito, inahifadhiwa ndani ya simu, na mtandao ukirejea inajituma. Inafaa kwa leja yetu kwa sababu fomu ya aina hii kazi yake ni kuongeza. Kila fomu hubeba kitambulisho chake tangu ilipojazwa, kwa hiyo hata simu ikituma mara ya pili baada ya mtandao kukatika, haizai samaki wa pili. Juu ya hapo jedwali la seva linakataa namba ya stakabadhi iliyokwisha kuingia, na kwa malipo linakataa msimbo wa M-Pesa wenye herufi na tarakimu kumi ambao tayari umo.

Stakabadhi ya karatasi haikuondolewa. Kuna waliotaka iondolewe ili ionekane kazi imekuwa ya kisasa, nami nilipinga kwa nguvu zote. Karatasi ndiyo iliyomtetea yule mzee.

Suali gumu kuliko yote halikuwa la kifundi: kituo kimlipe mtu kiasi gani wakati hakina mtandao? Simu hushusha orodha ya karadha asubuhi, lakini kufikia adhuhuri inaweza kuwa imepitwa. Kamati ilikaa, ikajadiliana, ikaamua kwamba bila mtandao kituo kinalipa nusu na iliyobaki inafuata Amu ikishathibitisha. Sheria hiyo iliandikwa ukutani kabla ya kuandikwa kwenye programu, na wavuvi waliikubali kwa kuwa walielezwa mapema.

Milango haikuachwa wazi. Kuna mafundi wanaofungua bandari ya SQL Server, yaani mlango wake wa mtandao, namba 1433, kwa dunia nzima ili kazi iishe haraka. Mashine za wezi huikuta na kuanza kubahatisha nenosiri usiku na mchana. Virusi vya WannaCry vilivyoenea 2017 vilipitia njia ya kushiriki faili za Windows, ile ile inayotumika kulishiriki faili la Access. Kompyuta za Amu na ya mhasibu zinaingia kupitia WireGuard, njia ya faragha iliyosimbwa ndani ya intaneti, na seva haimjibu asiye na ufunguo. Kila mtu ana jina na nenosiri lake, na karani wa Faza haoni madeni ya watu wa Kizingitini. Deni la mtu ni siri yake, na kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ni wajibu pia: data ikivuja kwa namna ya kumdhuru mwenyewe, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72. Wengi katika kamati walikuwa hawajui kwamba orodha yao ya namba za vitambulisho na madeni iko chini ya sheria hiyo.

Kuhama kwenyewe kulifanyika wakati wa kusi, upepo wa kusini. Bahari ya nje imechafuka, kamba ni wachache, kituo kinapima kidogo. Lau tungehama kaskazi, upepo wa kaskazini, imeanza, wakati majahazi yanarudi yamejaa, kila kosa dogo lingekuwa ugomvi ufuoni. Kwa muda karani aliandika pande zote mbili, faili la zamani na seva, na jioni tukalinganisha jumla. Tofauti zilizotokea zilikuwa za faili la zamani.

Afisi ya Amu sasa inategemea intaneti kwa jambo ambalo zamani haikuitegemea, na hilo ni gharama ya kweli. Wana laini ya pili ya mtandao mwingine wa simu, na kila asubuhi karani huchapa orodha ya salio ili mtu aliyesafiri kutoka Faza asirudishwe mikono mitupu. Nakala rudufu hutolewa kila usiku na moja hushushwa kwenye diski iliyo Amu. Katibu hujaribu kuirejesha kwenye kompyuta tupu mwanzo wa kila mwezi, kwani nakala ambayo haijawahi kurejeshwa huijui ubora wake.

Ripoti mbili za mwisho wa mwaka bado zinachota jedwali zima na ni nzito. Mhasibu amesema anaweza kuzisubiri. Kamati inataka kuongeza kituo Ndau. Kinahitaji simu moja, vitabu vya stakabadhi vyenye herufi ND, na mtu wa kupima aliyekwisha kukaa na karani wa Kizingitini akaona kazi inavyofanyika.